Askari awe karibu na anayemnunulia silaha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie jambo linalopamba moto kila bajeti ya ulinzi inaposomwa, kisha linasahaulika fedha zikishapitishwa: namna majeshi yanavyonunua na kubuni silaha. Mjadala huishia kwenye kiasi. Hawa wanasema fedha ni nyingi mno, wale wanasema hazitoshi. Kwangu mimi swali la kwanza ni nani anayeamua kinachonunuliwa, na yuko mbali kiasi gani na askari atakayekwenda nacho vitani.

Nitatumia zaidi mfano wa Marekani, kwa kuwa hakuna nchi inayotumia fedha nyingi zaidi kwa jeshi lake, na makosa yake yameandikwa waziwazi na wakaguzi wake yenyewe.

Februari 2005, makamanda wa Marine, kikosi cha wanamaji wa Marekani, waliokuwa magharibi mwa Iraq waliandika ombi la dharura. Walitaka magari ya deraya zaidi ya elfu moja, yale yenye tumbo la umbo la V ambalo hutawanya nguvu ya bomu lililotegwa barabarani. Teknolojia hiyo haikuwa ngeni. Kusini mwa Afrika ilikuwa ikitumika tangu miaka ya 1970. Ombi likakwama ofisini. Ilikuwa Mei 2007 ndipo Waziri wa Ulinzi, Robert Gates, alipoagiza magari hayo yapewe kipaumbele cha kwanza, na alieleza baadaye jinsi alivyopingwa ndani ya wizara yake mwenyewe. Alipoagiza, viwanda viliyatoa kwa maelfu. Kumbe uwezo ulikuwapo siku zote. Kwa zaidi ya miaka miwili vijana waliendelea kupita barabara zilezile katika magari ambayo kila mtu alijua hayahimili mlipuko, na wengi hawakurudi kwao.

Nimelisoma suala hili mara nyingi na kila mara linanikasirisha, kwa sababu huwezi kumpata mhalifu mmoja wa kumnyooshea kidole. Kila ofisi ilifuata utaratibu. Utaratibu wenyewe wa kupanga bajeti ya Pentagon, yaani Wizara ya Ulinzi ya Marekani, umetokana na mfumo ulioletwa na waziri wake wa wakati huo, Robert McNamara, mwanzoni mwa miaka ya 1960, na maandalizi yake huanza takriban miaka miwili kabla fedha hazijapatikana. Jambo lisilokuwamo kwenye mpango halina fedha, na asiye na fedha hasikilizwi. Adui hajafungwa na kalenda hiyo.

Halafu kuna orodha ya matakwa. Kabla silaha haijatengenezwa, huandikwa kila inachopaswa kufanya, na kila idara inataka chake kiongezwe. Mwaka 2016 Jenerali Mark Milley, aliyekuwa mkuu wa jeshi la nchi kavu la Marekani, alilalamika hadharani kuhusu zabuni ya bastola. Bastola tu, silaha ambayo wanadamu wameitengeneza kwa karne nyingi! Nyaraka zake zilizidi kurasa 350, na majaribio yalipangiwa miaka miwili na dola milioni 17.

Ikiwa bastola inatendewa hivyo, mtu asishangae yaliyoipata helikopta ya Comanche. Mradi ulianza miaka ya 1980 na ukafutwa 2004, baada ya kumeza karibu dola bilioni 7 na kurusha helikopta mbili tu za majaribio. Au meli za kivita za Zumwalt. Zilipangwa 32, zikajengwa tatu. Idadi ilipopunguzwa, bei ya risasi maalumu za mizinga yake ilipanda hadi dola 800,000 na zaidi kwa moja, jeshi likaacha kuzinunua, na meli zikabaki na mizinga isiyo na cha kufyatua. Miradi hii haikosi watetezi ikishaanza. Wakandarasi hugawa kazi katika majimbo mengi, kwa hiyo mbunge anayetaka kuifuta anajua atawanyima ajira wapiga kura wake. Na meneja wa mradi huhamishwa baada ya miaka michache, mara nyingi kabla matokeo ya maamuzi yake hayajaonekana.

Sasa tazama Ukraine. Tangu Urusi ilipoivamia kikamilifu 2022, fundi na askari wamekuwa wakizungumza moja kwa moja, wakati mwingine kwa ujumbe wa simu. Warusi wakivuruga mawimbi yanayoongoza droni, programu au redio hubadilishwa ndani ya wiki chache. Uvurugaji ulipozidi, pande zote mbili zikaanza kutumia droni zinazovuta uzi mwembamba wa kioo unaopitisha maagizo ya rubani, hivyo hazitegemei mawimbi ya redio. Droni ya dola mia chache imeteketeza vifaru vya mamilioni. Najua si kila silaha inaweza kununuliwa hivyo. Nyambizi ya nyuklia haiundwi kwa majaribio ya wiki mbili. Lakini redio, programu, droni na vifaa vya kuvuruga mawimbi vinaweza, na huko ndiko vita vinakoelekea.

Kuna jambo moja ambalo wanaozungumzia mageuzi hulitaja kwa nadra, nalo ndilo linalonigusa zaidi. Ni haki ya kukarabati kifaa ulichokinunua. Majeshi hununua mashine bila kununua michoro na hati zake za kiufundi. Ikiharibika, fundi mwenye sare, aliyefunzwa kwa fedha za umma, haruhusiwi kuifungua au hana maelezo ya kufanya hivyo. Lazima amsubiri mtu wa kampuni, au kifaa kisafirishwe kiwandani. Ndege ya kivita ya Marekani, F-35, ni mfano mzuri. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, iliripoti kwamba kufikia Machi 2023 ni takriban asilimia 55 tu ya ndege hizo zilizokuwa tayari kwa kazi, na miongoni mwa sababu ilikuwa uhaba wa vipuri na wa hati za kiufundi, pamoja na kuwategemea mno wakandarasi. Vita vikianza, nani atamsafirisha fundi wa kampuni hadi mstari wa mbele? Michoro ni rahisi kuipata kabla mkataba haujasainiwa, wakati wauzaji bado wanashindana. Ukishasaini, muuzaji amebaki mmoja, na bei anaipanga yeye.

Wapo watakaosema dawa ya yote haya ni kuwaondoa wakaguzi njiani ili mambo yaende haraka. Siafiki. Tanzania tunaikumbuka rada iliyonunuliwa kwa takriban pauni milioni 28, ghali na isiyolingana na mahitaji ya nchi. Mwaka 2010 kampuni ya Uingereza iliyoiuza, BAE Systems, ilikiri mahakamani Uingereza kwamba haikutunza hesabu ipasavyo kuhusu malipo kwa mshauri wake katika biashara hiyo, na pauni milioni 29.5 zikalipwa kwa ajili ya Watanzania. Usiri wa kijeshi hufunika mambo ambayo hayana uhusiano wowote na usalama. Wizara ya Ulinzi ya Marekani yenyewe haijawahi kufaulu ukaguzi kamili wa hesabu zake tangu ulipoanza 2018. Haraka ninayoitaka ni ile ya kuondoa mihuri isiyo na kazi na kumwachia mkaguzi kazi yake.

Nawaomba wabunge wa kamati za ulinzi, popote walipo, wasipitishe mkataba mkubwa ujao bila kuuliza: ni askari wa kikosi gani waliokijaribu kifaa hiki, na walisema nini kwa maneno yao? Tunaweza kununua vichache kwanza, tukasitisha bila fidia ya kutufilisi? Michoro na msimbo wa programu vitakuwa mikononi mwa nani? Na afisa anayesimamia mradi atakaa hapo hadi vifaa vya kwanza vifike vikosini? Majibu yakikosekana, wairudishe hati mezani kwa waziri.

Wako mtiifu,
Msomaji