Hoteli za mjini Tanga zirudishe nazi jikoni

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mkazi wa Ngamiani, jijini Tanga, na tangu nistaafu miaka minne iliyopita, mke wangu nami tumekuwa na desturi ya kula nje mara mbili au tatu kwa juma, leo mjini, siku nyingine Sahare, Pongwe, Mabokweni au kwenye njia ya Pangani. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa sikuyaokota barazani. Ni vyakula nilivyovila na kuvilipia mwenyewe. Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wenye hoteli na migahawa ya katikati ya jiji warudishe jikoni mwao nazi iliyokunwa siku hiyo hiyo, pamoja na vyakula vinavyoitegemea, hasa nyakati za jioni, kwa sababu hali ilivyo sasa mgeni anaweza kulala Tanga siku tatu akaondoka bila kula chakula hata kimoja cha Tanga.

Nisieleweke kwamba naudharau mji, maana asubuhi yake haina mpinzani. Kabla ya saa moja, katika barabara za Ngamiani, utakuta mbaazi zilizoiva mpaka zimeshikana na tui lake, mahamri yanayonukia iliki, vitumbua vya mchele vya moto, mihogo ya nazi, mkate wa kumimina, chapati na supu, na wauza kahawa wameketi na mabirika yao juu ya makaa. Kachori na bajia za jamaa zetu wenye asili ya Kihindi, ambao familia nyingi zao zimeishi hapa kwa vizazi kadhaa, ni chakula cha Tanga sawasawa na mbaazi. Mji huu ulikuzwa na bandari, na reli iliyoanza kujengwa mwaka 1893, na mashamba ya mkonge yaliyowavuta vibarua kutoka kila pembe ya nchi, na kila kundi lililofika lilitia kitu katika mapishi yetu. Mwenye kutaka kuiona historia hiyo aamke mapema, aende akanywe chai Ngamiani.

Likishazama jua, mambo hubadilika kabisa. Ukitembea kutoka viwanja vya Tangamano kuingia mjini, utapita kibanda baada ya kibanda na mgahawa baada ya mgahawa, na kote huko utakuta chipsi kavu, chipsi mayai, chipsi kuku na mishikaki. Sina ugomvi na chipsi. Wajukuu wangu wanazipenda, nami huwanunulia. Ninacholalamikia ni kwamba zimefukuza kila kitu kingine mezani, tena mara nyingi hukaangwa katika mafuta ya jana na juzi ambayo yamekwisha kuwa meusi. Katika hoteli kubwa zaidi, zenye vitambaa vya meza na feni za dari, utapata pia wali na kuku, na pengine pilau, lakini ukiulizia bada, yaani ugali wa muhogo mkavu, kisamvu cha nazi au pweza wa nazi utaambiwa kwamba vyakula hivyo havipo kwenye menyu, au kwamba hutengenezwa kwa oda ya siku moja kabla.

Mwezi uliopita shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, alikuja kututembelea kutoka Shinyanga, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kufika pwani. Alishuka stendi ya Kange alasiri, nasi kwa kutaka kumpa heshima tukampeleka jioni hiyo kwenye hoteli moja ya mjini ambayo sitaitaja, kwa kuwa kosa lake ni la wengi. Nilimwagizia samaki wa kupaka. Kilicholetwa ni samaki aliyekaangwa mpaka akakauka, kisha akamwagiwa mchuzi mwekundu wa nyanya uliotiwa weupe kidogo. Nilipomwuliza mhudumu, kijana mwenye adabu njema, alinieleza ukweli kwamba tui lile lilikuwa la unga wa pakiti na samaki alitoka kwenye friza. Sahani hiyo moja tulilipa shilingi 22,000. Shemeji alikula akasema ni kizuri, kwa sababu hakuwa na cha kulinganishia, na hilo ndilo lililoniuma kuliko bei. Nilijua kwamba akirudi kwao na kuulizwa habari za samaki wa kupaka, angeeleza habari za sahani ile.

Kesho yake nilimpeleka Sahare, kwa mama mmoja anayepika chini ya mwembe, mwenye meza mbili na mabenchi ya mbao. Changu wake alikuwa amefika asubuhi kutoka kwa wavuvi. Alimchanja ubavuni, akampaka chumvi, ndimu, thomu, tangawizi na pilipili, akamlaza juu ya wavu kwenye moto wa vifuu. Pembeni alikuwa na sufuria ya tui zito lenye bizari na ukwaju, akilikoroga bila kupumzika mpaka likawa zito kama uji, ndipo alipoanza kumpaka samaki upande mmoja, akamgeuza, akampaka upande wa pili, akamrudisha motoni, na kurudia hivyo mara nne au tano hata tui likashika ngozi na kuanza kubadilika rangi kingoni. Chakula hiki kimepewa jina kutokana na kazi hiyo, na jiko lisilopaka halina haki ya kulitumia. Samaki huyo pamoja na wali wa nazi tulilipa shilingi 8,000. Shemeji alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza kama yule mama anaweza kumpikia mwingine.

Najua mwenye hoteli atasema kwamba mwembe haulipi kodi ya jengo wala bili ya umeme, na ni kweli. Lakini tofauti ya sahani hizo mbili haikutokana na jengo. Ilitokana na tui. Anayepika kwa nazi huikuna, akakamua tui la kwanza lililo zito na kuliweka kando, kisha huyatia machicha maji tena na kukamua la pili na la tatu. Hayo mepesi ndiyo yanayoivishia mchicha, kunde au kisamvu, na lile zito huingia mwishoni, moto ukiwa mdogo, mkono ukikoroga, ili lisikatike. Unga wa pakiti haukupi daraja hizo. Hukupa weupe na utamu kidogo tu, na mpishi akishazoea kutumia kijiko kimoja kwa kila chungu, huisahau hata ile subira ya kukoroga. Nimeonja kisamvu cha namna hiyo mjini, majani yakiwa hayakutwangwa bali yamekatwakatwa kwa kisu, na sikuweza kukimaliza.

Kuhusu samaki, nina neno zaidi, kwa kuwa hapa ndipo migahawa ya mjini inaponishangaza kuliko penginepo. Sisi tunaishi kando ya bahari ambayo haitoi kitu kile kile mwaka mzima. Wakati wa kaskazi, tuseme Novemba hadi Machi, bahari hutulia na vyombo vidogo hufika mbali. Kusi ikishika, kati ya Mei na Septemba, kuna siku nyingi ambazo ngalawa hazithubutu kutoka nje ya mwamba. Pweza huonekana kwa wingi wakati wa bamvua, maji yanapotoka sana na akina mama na vijana wakaweza kutembea mwambani. Wapishi wa Sahare, na wale wa njia ya Pangani upande wa Mwarongo na Tongoni, hupika kwa kufuata hesabu hiyo: ukienda leo utaambiwa kuna tasi na ngisi, ukirudi baada ya wiki utakuta kibua pekee, na hutakasirika kwa kuwa umeambiwa ukweli. Mjini menyu imechapwa na kufunikwa kwa plastiki, nayo huahidi changu, kolekole na kamba kila siku ya mwaka, jambo lisilowezekana ila kwa friza. Haigharimu kitu kuandika kwa chaki kwenye ubao mlangoni samaki gani ameletwa asubuhi kutoka mwalo wetu wa Deep Sea. Ningependa hata mwenye hoteli awe tayari kumwambia mteja samaki huyo alivuliwa vipi, kwa sababu pwani yetu iliteswa mno na baruti, na mnofu wa samaki wa baruti hulegea hata mpishi hodari hawezi kuuokoa.

Upande wa bara wa jiji nako kuna mafunzo. Pongwe, karibu na barabara ya Muheza, kuna banda ambapo bado husongwa bada la unga wa makopa, zito na laini, likaliwa na papa mkavu wa nazi au kisamvu kilichotwangwa kinuni. Madereva wa malori huegesha hapo mchana na wafanyakazi wa viwandani hupanga foleni, jambo linaloonyesha kwamba chakula hiki kina wateja wenye fedha mkononi, si wazee kama mimi tu wanaokumbuka jiko la bibi. Nami huona ajabu kwamba kilomita chache tu kutoka hapo, mjini, watu wale wale wakitoka kazini jioni hawana pa kukipata.

Sababu ninayopewa mara nyingi na wenye migahawa ni bei ya nazi. Siikatai. Minazi mingi ya mkoa wetu ni mizee, mingine imekufa kwa maradhi, na biashara ya madafu huzichukua nazi kabla hazijakomaa. Hata hivyo nazi mbili hutosha mchuzi wa meza ya watu wanne, na mteja anayelipa shilingi 22,000 kwa sahani moja amekwisha kuzilipia nazi hizo mara nyingi. Sababu ya pili, kwamba kukuna nazi kunachukua muda, haina nguvu tena, kwani sokoni kuna mashine zinazokuna nazi wakati unasubiri. Machungwa ya Muheza nayo hayana hata udhuru huo: yanalimwa mlangoni petu, ilhali mezani tunaletewa juisi ya boksi.

Haki inanitaka niseme pia penye upungufu kwa wapishi wa pembezoni. Nimekula Sahare chakula bora kuliko chochote cha mjini, kisha nikakosa maji ya kutosha ya kunawa, na mke wangu akalazimika kuomba choo katika nyumba ya jirani. Ikifika saa moja usiku, mabanda mengi hufungwa kwa kukosa taa, ndiyo maana mtu anayetoka kazini akiwa amechelewa huishia kwenye chipsi. Naiomba Halmashauri ya Jiji, ambayo hukusanya ushuru kwa mama lishe hawa, iwapatie bomba la maji, choo na taa katika maeneo mawili au matatu ya kuanzia, na kwa maoni yangu Sahare na Kange yangetangulia, la kwanza kwa ajili ya samaki na la pili kwa ajili ya wasafiri wanaoshuka usiku.

Kwa wenye hoteli za mjini, ombi langu ni dogo kuliko hilo. Siwaombi waondoe kitu chochote kwenye menyu zao. Nawaomba wapike chakula kimoja cha nazi kila jioni, kwa nazi ya kukunwa na samaki wa siku hiyo, na kikiisha waseme kimekwisha. Wasiokuwa na mpishi anayekijua wamwajiri mmoja wa akina mama wa pembezoni, walau kwa zamu ya jioni, wamlipe kama fundi na si kama msaidizi, kwa kuwa ujuzi alio nao vijana wao wa jikoni hawajafundishwa. Wageni hawapungui: ujenzi wa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, hapa hapa Tanga, umetuletea watu wengi ambao hulala mjini na kula mjini.

Hoteli itakayoanza na itoe tangazo katika gazeti hili. Mke wangu nami tutafika jioni ya kwanza, tutaagiza samaki wa kupaka, na tutalipa bei yoyote iliyoandikwa ubaoni.

Wako,
Mlaji wa Ngamiani,
Tanga