Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya kuhusu watoto wanaoacha kliniki za uzito

Mheshimiwa Waziri,

YAH: FAMILIA ZINAZOACHA KLINIKI ZA UZITO WA WATOTO KABLA YA KUMALIZA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Mimi ni afisa lishe jijini Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuonana na watoto wa shule ya msingi walioletwa na wazazi wao kwa sababu ya uzito uliozidi au kiribatumbo, yaani unene uliopitiliza. Wengi hufika mara ya kwanza wakiwa na ari, hufika mara ya pili, kisha hatuwaoni tena. Kwenye rejesta huandikwa "hakurudi", na katika vikao vyetu neno hilo husomwa kana kwamba limemtaja mzazi mzembe. Nakuandikia kwa sababu naamini tunawahukumu wazazi hao isivyo haki, na kwamba sababu nyingi za kuondoka kwao ziko mikononi mwetu sisi watoa huduma.

Tatizo hili si la kwetu peke yetu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kuwa wanaoacha programu za aina hii ni kati ya asilimia 27 na 73, na miongoni mwa sababu zilizotajwa na wazazi ni umbali, ratiba, gharama, mtoto kukosa masomo, na huduma kutokuwa ile waliyoitarajia. Mwaka 2023 Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilishauri kila familia ipate angalau saa 26 za kuonana na wataalamu ndani ya kipindi cha miezi 3 hadi 12. Ushauri huo una msingi wa kitaalamu, lakini nikiupima kwa maisha ya mama anayeishi Chanika, pembezoni mwa jiji, na kuuza chai na maandazi alfajiri, saa moja ya mazungumzo ni asubuhi nzima iliyopotea: apande daladala mbili, akae kwenye benchi hadi saa sita mchana, biashara ifungwe, na mtoto wa darasa la nne mwenye mtihani wa taifa mwaka huohuo akose vipindi. Mama huyo akiacha kuja mwezi wa tatu, amepiga hesabu ya nyumba yake na ameipiga sawasawa.

Yapo pia mambo yasiyohusu nauli. Katika vituo kadhaa nilivyopita, mizani huwekwa kwenye korido, mbele ya watu waliopanga foleni, na muuguzi hutaja kilo kwa sauti ili mwenzake mwenye kalamu aandike. Nimemwona mvulana wa miaka 11 akishuka kwenye mizani hiyo huku akivuta shati lake chini kwa mikono miwili, asimtazame mtu yeyote, hata mama yake. Shuleni anaitwa "bonge" kila siku. Kwetu alikuja kutibiwa, na tukampa hadhira nyingine. Mtoto wa namna hiyo akikataa kata kata kurudi, mzazi wake atamlazimisha kwa hoja gani?

Lakini sababu inayoniuma zaidi, kwa kuwa haigharimu hata shilingi kuiondoa, ni kwamba hatuwaelezi wazazi matarajio sahihi. Mtoto wa miaka minane anaendelea kurefuka, kwa kawaida sentimita tano au sita kwa mwaka, na kwa watoto wengi wa umri huo lengo la kwanza ni uzito usiongezeke haraka wakati kimo kinapanda. Mzazi ambaye hajaambiwa hivyo hupanda na kushuka ngazi za hospitali miezi mitatu, akaona kilo zilezile, akahitimisha kwamba jitihada zote ni bure. Kumbe mtoto wake anaendelea vizuri! Anaondoka akiwa amekata tamaa kwa sababu ya matokeo ambayo tulipaswa kumpongeza kwayo.

Halafu tunawapa karatasi ya mlo yenye brokoli na vyakula vingine visivyopatikana gengeni kwao, wakati dona, maharage, mchicha, dagaa na matunda ya msimu vingetosha kabisa. Na karatasi hiyo anapewa mama na mtoto tu, ilhali chakula cha nyumbani huliwa kwenye sinia moja, soda hununuliwa na baba, na bibi ndiye anayepakua. Bibi huyo huenda aliwazika ndugu zake enzi zile dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilipokuwa hazijapatikana, na kwake mtoto anayepungua ni habari ya kutisha. Tusipomwita tukazungumza naye kwa heshima, hatakubali mjukuu wake apunguziwe wali, na mimi simlaumu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba wizara yako iagize ufuatiliaji wa watoto hawa ufanyike katika vituo vya afya vilivyo karibu na makazi yao, hospitali kubwa zibaki na wenye matatizo mazito, na kliniki hizi ziwe na siku ya Jumamosi au saa za jioni. Mahudhurio ya katikati yanaweza kufanywa kwa simu. Mizani iwekwe chumbani, mlango ufungwe. Aidha, huduma ya afisa lishe kwa watoto itajwe waziwazi katika kitita cha Bima ya Afya kwa Wote, ambayo sheria yake ilipitishwa mwaka 2023, ili mzazi asilipie mfukoni kila anapokuja kupewa ushauri.

Mwisho, naomba rejesta ibadilishwe. Pale panapoandikwa "hakurudi", pawe na nafasi ya kuandika sababu, na kituo kiwe na wajibu wa kumpigia mzazi ndani ya wiki moja kumuuliza kilichomzuia. Majibu hayo yakusanywe kila robo mwaka na kufikishwa mezani kwako, maana kwa sasa hakuna anayeyauliza.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Afisa Lishe,
Dar es Salaam