Shukrani kwa mzee wa kipande cha mpira, mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam

Shikamoo mzee wangu, popote ulipo. Jina lako sikuliuliza, na linaniuma mpaka leo.

Mimi ni yule kijana wa Datsun 240Z, aina ileile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973. Marehemu baba aliiacha uani kwetu Temeke, kuku wakatagia kwenye buti miaka nenda rudi. Msasa tulipiga familia nzima. Mama, ambaye hajawahi kushika spana, alishona viti upya kwa cherehani yake. Kutu tusiizungumzie. Kilichotushinda ni injini: silinda sita, kabureta mbili (ndizo zinazochanganya hewa na petroli), na kila fundi aliipa ugonjwa wake.

Siku ile nilifuata gasketi tu. Ukauliza, “Kabureta zinapumua sawa?” Nikabaki nakutazama. Ukakata mpira wa petroli, urefu wa mkono: ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, injini ikiwa inawaka. Sikiliza mluzi, rekebisha skrubu mpaka zote mbili zilie sauti moja. Hela ukakataa, ukapokea soda.

Jioni mdogo wangu wa kike ndiye aliyeisikia tofauti (anaimba kwaya, mimi masikio yangu ni ya mapambo). Robo mzunguko tu, mtetemo ukaisha. Mama akapiga vigelegele, majirani wakadhani tumeletewa posa.

Nimerudi mara tatu sikukuona. Rangi bado, ila kiti cha abiria ni chako, twende mpaka Coco Beach.