Kabla Hujamzika Kuku, Mfungue

Muheza, Jumapili jioni

Somo yangu mpendwa,

Hujambo? Watoto hawajambo? Sisi huku wazima, mvua imeanza tangu juzi na mahindi yameshatoa vichwa.

Pole sana, somo. Vifaranga 23 ndani ya siku nne si hasara ndogo. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili, nikakuona kabisa umesimama mlangoni mwa banda na jembe mkononi. Lakini kuna mahali umeniumiza zaidi. Umewazika wote bila kumfungua hata mmoja, kisha ukaenda duka la dawa za mifugo, ukaeleza kwa mdomo tu, ukarudi na antibaiotiki. Muuzaji angejuaje? Habari yote ilikuwa ndani ya kuku, na kuku umeshamfukia.

Usiniambie huwezi. Unakumbuka jikoni kwa bibi, siku za Idi? Kuku ameshanyonyolewa, bibi anakata chini ya kidari, anaingiza vidole viwili na kutoa vyote kwa mvuto mmoja. Sisi tumechuchumaa pembeni na beseni. Kwanza gole, bado limejaa mtama wa asubuhi. Halafu ini, na bibi anakata kile kifuko cha kijani kwa ncha ya kisu huku ameziba pumzi, maana nyongo ikipasuka nyama yote inakuwa chungu. Alikuwa akisema njiwa hana nyongo. Nilidhani ni maneno ya wazee ya kumsifu kwa upole wake, hadi bwana mifugo wetu aliponiambia ni kweli: njiwa hana kile kifuko, nyongo inatoka kwenye ini na kwenda moja kwa moja kwenye utumbo.

Kisha firigisi. Ile siku alipoipasua tukakuta kifungo cha shati la babu, kimesagika hadi matundu yamefutika! Tuliimenya ile ngozi ya njano, ikaoshwa, ikapikwa, akala babu. Sisi wasichana hatukuonjeshwa hata siku moja. Siku hizi nakaanga firigisi na kula nitakavyo, na kila nikiimenya nakumbuka kile kifungo.

Sasa yale tuliyoyaona kwa macho, nimekuja kuelewa kazi yake ukubwani. Gole ni ghala: chakula kinakaa humo kinalainika. Jioni mpapase kuku chini ya shingo, utakuta donge limejaa; alfajiri liwe tupu. Likiwa bado gumu asubuhi, ujue njia imeziba. Kutoka hapo chakula kinapita kwenye tumbo dogo linalotoa maji makali, ndipo kinaingia kwenye firigisi. Kuku hana meno, hilo ndilo jiwe lake la kusagia, na ndiyo maana anadonoa vijiwe. Wako umewafungia ndani, kwa hiyo ukiwapa nafaka nzima wawekee na changarawe ndogo.

Mwisho wa utumbo kuna mifuko miwili mirefu iliyoziba upande mmoja, kama vidole vya glovu. Ukifungua kifaranga ukakuta mifuko hiyo imejaa damu, hiyo ni koksidia, ugonjwa wa vijidudu vya utumboni, na ina dawa yake. Kile cheupe juu ya kinyesi kisikutishe, ndio mkojo wenyewe. Kuku hana kibofu. Figo zake zinatoa mkojo mzito kama chokaa, unatoka pamoja na choo. Cha kukutisha ni uharo wa majimaji meupe, manyoya yamesimama, na kifaranga anajidonoa kinyeo. Somo, hayo matatu umeyaandika wewe mwenyewe.

Ndiyo maana nataka uangalie mahali ambapo bibi hakutuonyesha. Juu kidogo ya kinyeo, upande wa mgongo, kifaranga ana kifuko cha mviringo, kidogo kama punje ya karanga. Kinaitwa kifuko cha Fabricius, kwa jina la mwalimu wa Padua, Italia, aliyekieleza. Maandishi yake yalichapwa mwaka 1621, yeye ameshafariki. Watu wakakaa zaidi ya miaka 300 bila kujua kina kazi gani. Mwaka 1956 mtafiti wa Marekani, Bruce Glick, akaonyesha kwamba kuku aliyeondolewa kifuko hicho akiwa mdogo hawezi kutengeneza kinga vizuri. Humo ndimo askari wa mwili wanamofundwa. Hata zile chembe za kinga wanazoziita B, ambazo sisi binadamu tunazo, herufi hiyo imetokana na jina la kifuko hiki cha kuku. Nilipoambiwa hivyo nilikaa kimya. Miaka yote nilikuwa nakitupa na matumbo.

Kuna ugonjwa wa kuku unaitwa Gumboro; unashambulia hapo hapo, na hasa vifaranga wa wiki tatu hadi sita. Wako walikuwa na wiki tano. Kifuko kinavimba, kinazungukwa na ute wa njano, wakati mwingine ndani kuna damu. Mapajani na kidarini unaona michirizi ya damu kwenye nyama. Ni kirusi, kwa hiyo antibaiotiki haikiui. Na waliopona wasikudanganye kwa kuchangamka: kinga yao imeguswa, hata chanjo ya kideri inaweza isishike vizuri.

Sisemi ndiyo hiyo. Nasema tuone. Chukua aliyekufa muda mfupi, kabla joto halijamvimbisha. Vaa glovu, tandika nailoni mbali na banda, mlaze chali, tegua mapaja yalale pembeni, kata ngozi chini ya kidari kama bibi. Ila wakifa wengi kwa ghafla, vichwa vimevimba na upanga umegeuka mweusi, usiguse kisu kabisa, mwite bwana mifugo kwanza. Ukimaliza, fukia chini sana, na matandiko ya banda yatoke yote. Kirusi cha Gumboro kinakaa bandani miezi, usilete vifaranga wapya wiki ijayo kwa hasira. Na chanjo yake ipo, ya kunywesha kwenye maji. Siku za kuwapa mpange na bwana mifugo.

Uliniuliza pia kuhusu mtetea wako anayetaga mayai laini. Unakumbuka vile viini vilivyoshikana kama kichala, tuligombania kimoja kimoja kwenye mchuzi? Vyote vilikuwa upande wa kushoto, maana kwa kawaida ule wa kulia haukui. Kiini kikidondoka kinasafiri siku nzima na zaidi kidogo, na karibu saa 20 za safari hiyo ni za ganda peke yake, nyingi usiku, wakati yeye amelala hali chochote. Chokaa anaivuta kwenye mifupa yake mwenyewe. Saga maganda ya mayai uliyoyakausha, au chokaa ya mifugo, umwekee kwenye chombo cha peke yake ale jioni.

Kesho nitakuwa nyumbani hadi saa tano. Ukikuta mwingine amekufa, acha jembe, nipigie kwa video. Egemeza simu kwenye ndoo, tutamfungua pamoja.

Ni mimi somo yako