Gazeti la Lindi lianze na kurasa 8

Ndugu Mhariri,

Kwa wanaopanga kuanzisha gazeti la hapa Lindi: anzeni na kurasa 8. Karatasi moja ikikunjwa hutoa kurasa 4, hivyo idadi hupanda kwa nnenne. Mkikimbilia 12 bila habari za kutosha, mtajaza hotuba za viongozi, na msomaji hatarudi kununua toleo la pili.

Ukurasa wa 3 uwe wa korosho na ufuta. Bei ya juu ya mnada peke yake humpotosha mkulima. Chapeni bei ya juu, ya chini, tani zilizouzwa na jina la ghala. Kisha makato yote, moja moja, ajue kilo itamwachia shilingi ngapi mkononi. Hapo ndipo gazeti litakapouzwa, tena sana.

Mwongozo wa uandishi uwe tayari mapema, hata wa ukurasa mmoja. Mkutano uandikwe "saa 2 asubuhi", si "saa 8:00", maana wengine watafika mchana watu wametawanyika. Masahihisho yakae ukurasa wa 2, palepale kila toleo.

Msomaji,
Lindi