Mlituuzia Moshi, Mkatuonyesha kwa Kidole

Katibu wa Chama,
Likoni, Mombasa.

Kwa Meneja wa Safari,

MINTARAFU: SAFARI YA SIKU TATU MOSHI, TANZANIA, KUPITIA TAVETA

Mimi ndiye niliyekusanya shilingi 14,500 kwa kila mwanachama, watu kumi na mmoja, nikazilipa ofisini kwenu kwa simu mwezi mzima kabla ya safari. Stakabadhi nimeiambatisha. Naandika kwa sababu nimepiga simu mara tatu na jibu ni lile lile, "tutakupigia."

Kabla ya kulipa niliuliza, mbele ya mama wawili wa chama, kama tutahitaji pasipoti. Karani wenu akacheka: kitambulisho kinatosha, hii si Afrika Mashariki? Kweli kinatosha, lakini ukienda Uganda au Rwanda. Tanzania hawakikubali. Saba kati yetu walikuwa na pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano kutokana na safari zao nyingine. Wanne hawakuwa navyo, na walilijua hilo wakiwa wamesimama dirishani Holili, kituo cha mpakani upande wa Tanzania, saa nne asubuhi, baada ya kuondoka Mombasa saa tisa usiku.

Ikaja zamu ya gari. Afisa akamwomba dereva kadi ya njano. Dereva akatoa kadi yake ya chanjo. Kumbe aliulizwa Kadi ya Njano ya COMESA, yaani bima ya gari linalovuka mpaka! Hakuwa nayo, wala kibali cha muda cha kuingiza gari, na alikiri kwamba hajawahi kuvuka Holili maishani. Simlaumu kijana wa watu, alitumwa.

Saa nane mchana ofisi yenu ikatoa uamuzi kwa simu: wenye pasipoti wavuke kwa miguu "wajipange", wengine warudi na gari. Wale wanne wakapelekwa Ziwa Chala, upande wetu wa Kenya. Sikatai kwamba Chala ni pazuri. Ziwa limekaa ndani ya kreta, maji yake yanapita chini kwa chini kutoka Kilimanjaro, na mpaka wa nchi unakata katikati yake. Lakini dereva aliagizwa awaambie, "Ng'ambo ile ndiyo Tanzania, pigeni picha." Mmoja wao ni bibi wa miaka 68 aliyedunduliza pesa hizo kwa kuuza viazi karai. Mkamwonyesha Tanzania kwa kidole.

Sisi saba tulijipanga kweli. Tulipanda Noah, yale magari madogo ya abiria, hadi Himo, nyingine hadi Marangu, na kabla jua halijatua tulikuwa chini ya maporomoko ya Kinukamori, nguo zimelowa rasharasha. Mama mwenye nyumba ya wageni alitupikia mtori, ndizi zilizopondwa na nyama, akatuuliza mbona hatukuja siku zote ilhali Taveta iko hapo tu. Sikuwa na jibu. Kesho yake tukaenda kwenye chemchemi za Chemka kupitia Boma Ng'ombe, vumbi hadi kwenye kope, halafu ghafla miti na maji maangavu unayoona mawe chini yake. Kijikaratasi chenu kinasema "chemchemi zinazotokota". Maji yale ni ya uvuguvugu, watoto wanaruka humo kwa kamba siku nzima. Aliyeandika hakuwahi kuchovya hata kidole. Materuni, maporomoko mliyotuahidi siku ya tatu, hatukufika, nauli ilituishia.

Madai yetu ni haya. Wanne waliorudishwa walipwe pesa zao zote, shilingi 58,000. Sisi saba mturudishie nauli na malazi tuliyojilipia, jumla shilingi 31,500. Hesabu iko ukurasa wa pili, na pale ambapo Noah haikutoa risiti nimeandika nauli na tarehe. Pia nataka barua kwa yule bibi, si ujumbe wa simu, ikieleza kwamba kosa la kitambulisho lilikuwa la karani wenu. Mpaka leo anadhani ni ujinga wake.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Pesa zitumwe kwenye namba ile ile iliyowalipa.

Katibu,
kwa niaba ya wasafiri kumi na mmoja