Dozi imeisha, kipimo bado kinasoma chanya: maana yake nini?

Swali tunaloulizwa mara nyingi zaidi kwenye dirisha la majibu hapa maabara kwetu Morogoro ni hili: “Nimemaliza dozi yote, mbona kipimo bado kinasoma chanya?” Anayeuliza huwa ni mtu aliyechoka. Homa imemrudia au haijamwacha vizuri, tumbo linamsumbua, viungo vinamuuma, na mkononi ana karatasi za maabara mbili tatu tofauti, zote zikisema ana taifodi. Wengi wameshaupa ugonjwa wao jina, wanauita taifodi sugu. Tumeona ni wajibu wetu kulieleza jambo hili kwa kirefu, kwa sababu halielezeki kwa dakika mbili za dirishani, na kwa sababu wapo watu wanaoendelea kumeza na kuchomwa antibayotiki kutokana na karatasi ambayo haikusema kile walichoambiwa kuwa imesema.

Kipimo cha maabara hakina uwezo wa kujibu swali la “naumwa nini?” Hujibu swali dogo zaidi, na swali hilo hutofautiana kati ya kipimo na kipimo. Vipo vinavyomtafuta mdudu mwenyewe akiwa hai, vipo vinavyotafuta protini au kipande kilichotoka kwake, na vipo visivyomtafuta mdudu kabisa, bali hutafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili ulizitengeneza ili kupambana naye. Kingamwili hazifutiki siku mgonjwa anapopona. Ni kama lile kovu dogo la chanjo ya kifua kikuu ambalo wengi wetu tunalo begani: linaonyesha kwamba jambo liliwahi kutokea, lakini halisemi kama linatokea leo.

Kipimo cha taifodi kinachofanyika zaidi mitaani ni Widal, kilichobuniwa Ufaransa mwaka 1896 na daktari Fernand Widal. Kwa njia ya haraka, mtaalamu huweka tone la seramu, yaani yale maji ya manjano yanayobaki damu ikishaganda, juu ya kigae cheupe, huongeza tone la kitendanishi chenye bakteria wa taifodi waliokwisha kuuawa, huchanganya kwa kijiti, kisha hukitikisa kigae taratibu kwa takribani dakika moja huku akiangalia kama mchanganyiko unafanya chembechembe. Zikionekana, ina maana kwamba ndani ya seramu kuna kingamwili zinazowashika bakteria wale na kuwakusanya pamoja. Akichelewa kusoma, tone huanza kukauka pembeni, na ukavu huo huweza kudhaniwa kuwa ni chembechembe. Namba mnazoziona kwenye karatasi, kama vile 1:80 au 1:160, zinaeleza ni kwa kiwango gani cha kuzimuliwa seramu hiyo iliendelea kufanya chembechembe. Hazihesabu bakteria waliomo mwilini, ingawa wateja wengi wameelezwa hivyo, na 1:160 haina maana ya “wadudu 160”.

Kingamwili hizo zinaweza kuwa zimetokana na taifodi ya sasa. Zinaweza pia kuwa zimetokana na taifodi ya miaka iliyopita, na chanjo ya taifodi, na bakteria wengine wa jamii ya Salmonella, na hata malaria inaweza kukifanya kipimo hiki kisome chanya. Kwa upande mwingine, mtu mwenye taifodi ya kweli akipimwa katika wiki ya kwanza ya homa anaweza kusoma hasi, kwa kuwa mwili wake bado haujatengeneza kingamwili za kutosha. Ili Widal iwe na uzito, inatakiwa ifanywe mara mbili, sampuli ya pili ikichukuliwa baada ya siku 7 hadi 14, na kinachotafutwa ni kupanda kwa mara nne, tuseme kutoka 1:80 hadi 1:320. Ni wagonjwa wachache sana wanaopimwa hivyo.

Tufanye hesabu ya mfano ili jambo hili lionekane vizuri. Tuseme watu 100 wenye homa wanakuja kupima, na kati yao 5 tu ndio wenye taifodi. Tuseme pia kwamba kipimo kinawagundua 4 kati ya hao 5, na kwamba kwa wale 95 wasio na taifodi kinasoma chanya kwa mtu mmoja kati ya kila watano, yaani watu 19. Watakaoondoka na karatasi ya chanya ni 23, na wenye ugonjwa wenyewe kati yao ni 4. Wale 19 wataanza dawa ya ugonjwa wasiokuwa nao, na kile kinachowaumiza kitaendelea kuwepo.

Mfano huo hauko mbali na hali halisi. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam na hapa mkoani kwetu, Ifakara, ukachapishwa mwaka 2014, uliwapima kwa kina watoto 1,005 waliofika kliniki wakiwa na homa. Taifodi ilipatikana kwa asilimia 3.7 tu na malaria kwa asilimia 10.5, wakati maambukizi ya njia ya hewa yalikuwa kwa asilimia 62.2. Mwaka mmoja kabla yake, utafiti wa hospitali mbili za Moshi ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, 528 walidhaniwa kuwa na malaria, lakini waliokuwa nayo ni 14. Miongoni mwa yaliyopatikana kwa wengine ni homa zinazotoka kwa mifugo na panya, magonjwa ambayo mtu wa Mvomero au Kilosa anayechunga ng’ombe au kulima mpunga ana kila sababu ya kuyapata, na ambayo Widal haiwezi kuyaona.

Mteja mwenye kile kinachoitwa taifodi sugu huja na bahasha. Ukizipanga karatasi zake mezani kwa kufuata tarehe, mara nyingi unakuta 1:160, kisha 1:160, kisha 1:80, kisha 1:160 tena, na katikati yake kuna dozi za antibayotiki, vidonge vya ciprofloxacin na sindano za ceftriaxone. Namba imesimama pale pale miezi kadhaa. Kwa macho yetu, mpangilio huo haufanani na ugonjwa unaoshindana na dawa. Unafanana na kingamwili za zamani ambazo hazina pa kwenda, na tungependa sana tabibu wake azione karatasi zote kwa pamoja badala ya ile ya mwisho peke yake. Kisukari, kifua kikuu, ugonjwa wa tezi ya shingo, vidonda vya tumbo, upungufu wa damu na msongo wa mawazo vyote vinaweza kumletea mtu uchovu na maumivu ya muda mrefu, na kila mwezi unaopotea kwenye taifodi isiyokuwepo ni mwezi ambao ugonjwa mwenyewe unapata nafasi. Zaidi ya hapo, antibayotiki inayotumika ovyo huwafundisha bakteria kuizoea, na siku taifodi ya kweli itakapoingia nyumbani, dawa ile ile inaweza isifanye kazi.

Hatusemi kwamba taifodi haipo. Ipo, inaua, na inaweza kutoboa utumbo, hasa ikifika wiki ya tatu bila matibabu sahihi. Homa inayozidi kupanda, maumivu makali ya tumbo, tumbo kuwa gumu, choo chenye damu au cheusi, kuchanganyikiwa, kutapika kila unachokunywa: hali hizo zinahitaji hospitali saa hiyo hiyo, na si kuja kurudia kipimo kwetu. Vilevile ni kweli kwamba wagonjwa wachache homa huwarudia wiki mbili tatu baada ya kumaliza dawa, na wengine wachache hubaki na bakteria kwenye kibofu cha nyongo wakiwatoa kwa choo huku wao wenyewe wakiwa wazima. Yote mawili hutambuliwa kwa kuwaotesha bakteria, wa kwanza kwa damu na wa pili kwa choo. Widal haitoshi kuyathibitisha.

Suala hili haliishii kwenye taifodi. Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha kidole na kifaa cha plastiki, kwa aina inayotumika sana hutafuta protini iitwayo HRP2 inayotolewa na kimelea cha Plasmodium falciparum. Dawa ya mseto inaweza kuwamaliza vimelea wote ndani ya siku chache, lakini protini hiyo ikabaki kwenye damu kwa wiki kadhaa, na mstari wa pili ukaendelea kuonekana. Ndiyo maana mtu aliyetibiwa malaria wiki mbili zilizopita, homa ikamrudia, hatufurahii kumpima kwa kifaa hicho; tunamshauri apimwe damu kwa hadubini, ambako tunawaona vimelea wenyewe na kuwahesabu. Hata huko tunaweza kukuta vimelea vya hatua ya uzazi, ambavyo hubaki kwa muda baada ya dawa na haviletei mtu homa, kwa hiyo aina ya kimelea inapaswa kuandikwa kwenye majibu.

Kwa wenye vidonda vya tumbo, kipimo cha damu cha H. pylori, bakteria wanaosababisha vingi vya vidonda hivyo, hutafuta kingamwili, na kinaweza kubaki chanya kwa miezi au miaka baada ya bakteria kwisha. Anayetaka kujua kama dawa zimefanya kazi anahitaji kipimo cha choo au cha pumzi, angalau wiki 4 baada ya kumaliza antibayotiki na wiki 2 baada ya kuacha omeprazole na dawa za jamii yake za kupunguza asidi tumboni. Tumeshaona watu waliomeza dozi tatu za vidonda kwa sababu walirudia kipimo cha damu, na inasikitisha, kwa kuwa dozi moja tu ya dawa hizo inatosha kumchosha mtu.

Kaswende nayo ina vipimo vya aina mbili: kimoja husoma chanya maisha yote kwa watu wengi hata wakipona, na kingine, VDRL au RPR, hutoa namba inayopaswa kushuka baada ya matibabu, kwa hiyo hicho cha pili ndicho cha kufuatilia. Kwa anayetumia dawa za VVU, kipimo cha kingamwili kitaendelea kuwa chanya hata virusi vikifubaa kabisa. Maendeleo yake hupimwa kwa wingi wa virusi. Na mgonjwa wa kifua kikuu anayeendelea na dawa asishtuke akisikia mashine ya vinasaba bado inaona kitu kwenye makohozi, kwa kuwa inaona hata vinasaba vya bakteria waliokufa. Kliniki yake humfuatilia kwa njia nyingine.

Kutokana na hayo, maabara yetu imeacha kufanya Widal kwa mteja anayekuja bila karatasi ya tabibu. Uamuzi huo unatupunguzia mapato, lakini tunauamini. Kwa mwenye homa ya zaidi ya siku tatu ambayo tabibu anashuku ni taifodi, tunachukua damu ya kuotesha, kwa mtu mzima mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa, na tunaituma kwenye maabara kubwa yenye vifaa vya kazi hiyo. Njoo kabla hujaanza antibayotiki, hata ile moja uliyopewa na jirani, maana dawa huwazuia bakteria kuota. Bakteria wakiota, taarifa ya awali huweza kutoka ndani ya siku moja au mbili na majina ya dawa zinazowaua hufuata. Wasipoota, jibu la mwisho huchukua siku 5 hadi 7. Gharama yake ni kubwa kuliko ya Widal, na hata kipimo hiki huwakosa baadhi ya wagonjwa, kwa hiyo hasi yake nayo husomwa na tabibu pamoja na hali ya mgonjwa.

Kwenye kila karatasi yetu tunaandika njia iliyotumika, namba kamili na tarehe ya kuchukua sampuli, badala ya neno chanya peke yake. Anayetaka kuelezwa majibu yake, yawe yametoka kwetu au kwingine, aje mchana baada ya foleni ya asubuhi kupungua, na maelezo hayo hatuyatozi fedha. Alete karatasi zote za zamani na maboksi au majina ya dawa alizotumia, kwa sababu tarehe ya dozi ya mwisho mara nyingi ndiyo inayotuwezesha kuisoma ile namba. Kubadilisha au kusimamisha dawa si kazi yetu; tutakuandikia maelezo mafupi ya kumpelekea tabibu wako, na usiache dozi uliyoanzishwa kabla hujaonana naye.